Kutazama Uso kwa Pande Zake Zote

Mtu anapokutana kwa mara ya kwanza na picha ya mtu iliyochorwa kwa mtindo wa kubizimu, hutafuta jicho akalikosa pale alipolitarajia. Pua imechorwa kwa ubavu ilhali mdomo unatazama mbele. Bega limekatika katikati, ukuta wa nyuma umeingia kifuani, na rangi karibu zote ni za udongo na majivu. Wengi huishia hapo. Husema mchoraji huyu hajui kuchora, au hii ni sanaa ya Wazungu wenye nafasi, kisha wakafunga kitabu.

Naamini kwa dhati kwamba wanaofunga kitabu mapema hujinyima kitu chenye thamani, na kwamba mkazi wa Same anayo maandalizi ya kutosha kuzielewa picha hizi hata kama hajawahi kuingia katika jumba la sanaa. Makala haya nayaandika kwa ajili yake: mwalimu wa sanaa, mwanafunzi wa sekondari, kijana anayechora mabango ya maduka, na mzazi ambaye mwanawe amemletea kitabu akauliza, "Mbona mtu huyu yuko hivi?"

Achana kwanza na swali la kufanana

Swali linalotutoka haraka mbele ya picha ya mtu ni hili: amefanana? Swali hilo lina mahali pake. Picha ya pasipoti hulijibu vizuri, kwa kuwa hupigwa mara moja, kutoka mahali pamoja, ili ofisa wa mpakani amtambue msafiri. Mchoraji wa kubizimu amejipa kazi nyingine. Amekaa na mtu siku nyingi, amemwona akitazama mbele, akigeuka, akiinamisha kichwa, akikunja mikono. Kisha akataka yote aliyoyajua yakae kwenye turubai moja.

Kwa hiyo nakushauri ubadilishe swali. Uliza haya matatu, kwa mpangilio huu. Mchoraji amemtazama mtu huyu kutoka wapi na wapi? Amechagua kubakiza nini ili tumtambue? Vipande hivyo ameviunga vipi? Ukiwa na maswali haya unaweza kusimama mbele ya picha yoyote ya kubizimu bila aibu.

Milima yetu ina somo hili tayari

Ukisimama Same mjini ukaitazama safu ya Pare Kusini, unaona mawe na vichaka vya miiba. Fuata barabara kuu kupitia Makanya na Hedaru, na upande huo wa mlima utabaki mkavu mwendo mrefu. Sasa chukua barabara nyingine, ile ya Kisiwani, Gonja na Ndungu. Mlima ni uleule, lakini huku ni kijani, maji yanateremka, na Ndungu wanalima mpunga. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huacha mvua yake upande wa mashariki, na upande wa magharibi hupata kidogo. Panda hadi Chome, uingie msitu wa Shengena, ambako kilele kinafika mita 2,463 kutoka usawa wa bahari, na utakuta baridi na ukungu.

Watu watatu waliotazama kutoka sehemu hizo watasimulia milima mitatu, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amesema uongo. Barabara hizo mbili hukutana Mkomazi, na anayezizunguka zote ndiye anayeweza kusema anaijua Pare Kusini. Mwambie mtu huyo achore kila anachokijua kuhusu mlima huo kwenye karatasi moja. Hawezi kuchora kutoka mahali pamoja. Itabidi ukavu na ubichi, jabali na ukungu, vikae bega kwa bega. Hicho ndicho wachoraji wa kubizimu walichoufanyia uso wa mwanadamu.

Mtindo huu ulitoka wapi

Kubizimu ilizaliwa Paris kati ya mwaka 1907 na 1914, mikononi mwa vijana wawili: Pablo Picasso, Mhispania aliyezaliwa 1881, na Georges Braque, Mfaransa aliyezaliwa 1882. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walikuwa wakifuata kanuni ya jicho moja lililosimama mahali pamoja, na mistari yote ya picha ikipangwa kulifuata jicho hilo. Kamera, iliyotangazwa hadharani mwaka 1839, ilikuja kuifanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Paul Cézanne, aliyefariki 1906, alikuwa ameanza kuilegeza kanuni: katika picha zake meza moja huonekana kana kwamba imetazamwa na mtu aliyesogea hatua mbili. Picasso na Braque waliyachukua maarifa hayo wakayafikisha mbali. Mwaka 1908 Braque alipoonyesha picha zake, mhakiki Louis Vauxcelles aliandika kwa kejeli kwamba kila kitu kimegeuzwa vipande vya mchemraba. Jina likaganda, na kejeli ikasahaulika.

Kuna chanzo kingine ambacho msomaji wa Afrika ana haki ya kukijua. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta barakoa na vinyago kutoka Afrika. Alinunua vingine kwa ajili yake mwenyewe, ikiwemo barakoa ya watu wa Grebo wa Afrika Magharibi ambayo macho yake ni vipande viwili vya mti vilivyotokeza mbele. Mchongaji wa barakoa ile alijua jambo ambalo Ulaya ilikuwa haijalizingatia: uso unaweza kujengwa kwa alama, na jicho linaweza kutokeza mahali ambapo jicho halisi limezama, na bado mtazamaji akasema huu ni uso. Vitu vingi vya aina hiyo vilifika Ulaya katika enzi ya ukoloni, na majina ya waliovichonga hayakuandikwa. Usiingie katika somo hili kama mgeni. Sehemu ya msingi wake ilichimbwa katika bara letu.

Anza na rahisi, malizia na ngumu

Kosa linalowakatisha tamaa wengi ni kuanza na picha ngumu. Nashauri ufuate ngazi hii.

Anza na picha ya Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani, ambayo Picasso aliianza 1905 akaimaliza 1906. Mwili, mikono na nguo ni vya kawaida kabisa. Uso ndio umebadilika: ni mzito, macho hayalingani, umekaa kama barakoa. Stein aliketi mbele ya mchoraji mara nyingi, lakini Picasso hakuridhika akaufuta uso, kisha akauchora upya Stein akiwa hayupo. Huu ulikuwa mlango tu, kubizimu yenyewe bado haijaja. Unaona mchoraji akianza kuamini anachokijua kuliko anachokiona dakika hiyo.

Ngazi ya pili ni picha ya Picasso iliyochorwa na Juan Gris mwaka 1912. Gris alikuwa Mhispania pia, mdogo kidogo kwa umri, na mpangilio wake ni safi. Rangi ni buluu, kijivu na kahawia. Mistari ya mshazari imeukata uso na koti katika vipande, lakini kichwa kiko juu, mabega yapo, vifungo vya koti vipo, na mkono umeshika kibao cha kuchanganyia rangi. Tumia maswali yetu matatu. Ametazama wapi? Upande mmoja wa uso umegeuka, mwingine unatukabili. Amebakiza nini? Kibao cha rangi, kinachotuambia kazi ya mtu huyu. Ameunga vipi? Kwa mistari inayotoka kwenye nyuma ya picha na kupita mwilini bila kukatika.

Ngazi ya tatu ni picha alizochora Picasso mwaka 1910 za wauzaji wawili wa sanaa, Ambroise Vollard na Daniel-Henry Kahnweiler. Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, na nitarudi hapo sasa hivi. Picha ya mwisho katika ngazi iwe ile iitwayo *Ma Jolie*, ya 1911 na 1912, ambamo mtu karibu ametoweka. Ukianza na hiyo utakata tamaa. Ukiifikia baada ya ngazi zile tatu, macho yako yatakuwa yamezoea njia.

Kukaa na Kahnweiler

Kama unatumia simu, panua picha hatua kwa hatua, kwa kuwa picha yenyewe ina kimo cha mita moja hivi na kwenye kioo kidogo hupoteza mengi. Itazame kwanza yote, ukiwa umeiweka mbali kidogo. Utaona umbo kama la mtu aliyeketi: pana chini, jembamba juu. Usitafute macho bado.

Shuka chini katikati. Kuna vipande vyeupe vilivyopishana: ni mikono miwili iliyofumbatana, ya mtu mtulivu aliyezoea kusikiliza. Sasa umepata nanga ya kwanza. Panda taratibu. Kifuani kuna mkufu wa saa ya mfukoni. Shingoni kuna fundo la tai. Juu kabisa kuna wimbi la nywele zilizochanwa. Kati ya nywele na tai, pua na macho vitaanza kujitokeza vyenyewe, kwa kuwa sasa unajua vinapaswa kuwa wapi.

Ukishapata nanga hizo, fuata mwanga. Katika picha ya kawaida mwanga hutoka upande mmoja, dirishani kwa mfano. Hapa kila kipande kina mwanga wake, upande mmoja cheupe na upande wa pili kijivu, kwa sababu kila kipande kina saa yake. Inasemwa Kahnweiler aliketi mbele ya Picasso mara ishirini au thelathini. Picha imebeba vikao hivyo vyote.

Kisha tazama kingo. Tafuta mahali koti linapoishia na chumba kinapoanza, na utakuta mpaka umeachwa wazi. Hewa ya chumba inaingia mwilini na mwili unaingia chumbani. Wengi hudhani hapo mchoraji alikosea. Alikusudia: mtu huyu hatumjui akiwa peke yake, tunamjua pamoja na vitu vyake, na nyuma yake kuna dalili ya kinyago. Hata ufinyu wa rangi una sababu. Rangi kali zingevuta macho na kuyaweka mahali pamoja. Kahawia na kijivu huyaacha yatembee.

Mwisho, rudi nyuma uitazame yote tena. Mtu ambaye mwanzo hukumwona sasa yupo, na hataondoka tena. Kuhusu picha ya Vollard, inasimuliwa kwamba watu wazima walipokuwa wakihangaika kuielewa, mtoto wa miaka minne aliinyooshea kidole akamtaja Vollard kwa jina. Ndiyo maana nasema usiwanyime watoto picha hizi ukidhani ni nzito kwao.

Ndugu wa karibu katika mpingo

Msomaji wa Same akienda Arusha, aingie katika kituo cha Cultural Heritage atazame barakoa na vinyago. Akifika Dar es Salaam, apite Mwenge kwa wachongaji. Atafute hasa vinyago vya shetani vya Wamakonde. Mtindo huo ulichipuka miaka ya 1950, na Samaki Likonkoa ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi wake. Katika kinyago kimoja utaona jicho moja kubwa na jingine dogo, mdomo uliogeukia ubavuni, uso ambao ukiuzunguka unakuwa uso mwingine.

Yazingatie mambo mawili hapa. Kwanza, shetani hakutoka Paris. Wachongaji wa Kimakonde walifuata njia yao wenyewe, na ni kuwakosea heshima kusema waliiga. Pili, lengo ni tofauti. Mchoraji wa kubizimu anamsaka mtu fulani mwenye jina na anwani, ilhali mchongaji wa shetani analipa umbo lile lisiloonekana. Lakini wote wawili wanakudai kitu kilekile: uzunguke. Shika kinyago, kigeuze polepole, kisha rudi kwenye picha ya Kahnweiler. Utagundua macho yako yanajua tayari la kufanya.

Afrika Mashariki ina pia wasanii waliozifahamu njia zote mbili. Francis Nnaggenda wa Uganda, aliyezaliwa 1936 na kufundisha Nairobi kisha Makerere, amechonga mwathirika wa vita kwa mti, mwili uliopotewa na viungo lakini uliosimama, na kazi hiyo inajulikana sana pale Makerere. Ndani yake unaona pande zilizokatwa kama za kubizimu na nguvu ya kinyago cha Kiafrika, na unaona historia ya Uganda. Hapo mtindo umeacha kuwa wa kuazima.

Jaribu kwa mkono wako

Hakuna njia ya kuelewa inayoushinda mkono. Anza na kikombe cha chai. Mwaka 1911 Jean Metzinger alichora mwanamke anayekunywa chai, na kikombe chake amekigawa: nusu imetazamwa kwa ubavu, nusu kwa juu. Weka kikombe mezani, kichore ukiwa umeketi, kisha simama ukichore kutoka juu. Unganisha nusu mbili katika mchoro mmoja. Tayari umeelewa kanuni nzima.

Kisha nenda kwa mtu unayemjua vizuri, labda bibi yako au rafiki. Ukimchora mzee, muombe ruhusa kwa heshima na umweleze mapema kwamba picha haitakuwa kama ya kamera, asije akadhani unamfanyia mzaha. Mchore mara nne kwenye karatasi tofauti: uso kwa mbele, uso kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinama, na mikono peke yake. Kata michoro hiyo kwa mkasi. Chagua vipande vile tu ambavyo mtu wa nyumbani akiviona atamtambua: namna anavyofunga kilemba, mkunjo wa paji la uso, kidole kilichopinda kwa jembe la miaka mingi. Vilivyobaki weka kando.

Panga vipande kwenye karatasi kubwa mpaka vikubaliane, ndipo uvibandike kwa gundi ya uji wa ngano. Unaweza kuongeza kipande cha gazeti au cha mfuko wa saruji. Picasso na Braque walianza kubandika karatasi kwenye picha zao mwaka 1912. Chora mistari inayotoka ukutani ipite mwilini. Tumia mkaa na rangi mbili au tatu tu. Ukimaliza, mwonyeshe uliyemchora kabla ya mtu mwingine yeyote, umsikilize.

Kutofautisha kazi nzuri na ya kuigiza

Siku hizi kuna picha nyingi zinazouzwa kwa jina la kubizimu kwa sababu tu pua imehamishwa. Zipime. Ukifunika jina la picha, je, bado ni mtu fulani, au ni uso wowote? Kila mkato una sababu, au umewekwa ili picha ionekane ngumu? Ukihamisha jicho kulirudisha mahali pake, picha inapoteza kitu, au haibadiliki? Katika kazi nzuri, mkato ukiuondoa, maana huondoka nao. Katika picha ya mwanamke anayelia, ambayo Picasso aliichora 1937 baada ya mji wa Guernica kupigwa mabomu, leso na vidole na machozi vimekuwa vipande vikali vilivyochanganyika mdomoni. Uso huo ungepangwa sawasawa, kilio kingenyamaza.

Una ruhusa pia ya kutopenda. Mtu anaweza kuielewa picha ya kubizimu vizuri kabisa na bado akaona imepoa, au akapendelea michoro ya Tingatinga yenye rangi zinazong'aa. Ninachoomba ni kwamba hukumu itanguliwe na kutazama.

Kwa walimu wa sanaa wa Same, Mwanga na kote Upareni, naomba jambo moja: msiwafundishe wanafunzi kunakili nyuso alizochora Picasso. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu katika mkoa wetu huuhuu wa Kilimanjaro na kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ametumia maisha yake kuwahimiza wasanii waumbe na wasiige. Wapeni wanafunzi maswali matatu, karatasi na mkaa, na muwatume kwa watu wao: mama muuza ndizi, fundi baiskeli, babu mlinzi wa bwawa la ndiva. Watakaporudi na nyuso hizo, zibandikeni ukutani shuleni na mwaalike wazazi waje kuzitazama. Nao wazazi wasipite haraka.